Tabia na Maradhi ya Motokaa Kongwe

Katika malalamiko yote ambayo mwenye gari la spoti la zamani humpelekea fundi, hakuna lililo gumu kufasiriwa kama hili la kwamba gari halitulii, kwa sababu wanaolitoa hukusudia mambo ambayo asili zake hazina udugu hata kidogo: yupo ambaye gari lake hutangatanga katika barabara iliyonyooka, likamlazimisha kuurekebisha usukani bila kupumzika, yupo ambaye akiondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona huhisi mkia unamkimbia kwenda nje, yupo ambaye usukani humtetemekea mikononi katika mwendo fulani, kisha hutulia mwendo ukizidi, na yupo ambaye kila akanyagapo breki hujikuta anaelekea upande asioukusudia. Wote wanne husema maneno yale yale, na wote wanne, wakimwangukia fundi mwenye haraka, hurejea nyumbani na alaimenti mpya na ankara ya kulipa, ilhali kasoro waliyokwenda nayo ingali pale pale ilipokuwa.

Gari lililokwisha kuishi miaka 40 au 50 hubeba mambo matatu kwa pamoja: tabia lililopewa na mhandisi siku ya kuundwa, maradhi liliyoyapata kwa kuchakaa na kwa kutu, na athari za mikono ya wamiliki waliotangulia, ambao kila mmoja wao alilibadili kwa nia njema na kwa kadiri ya elimu yake. Asiyeijua tabia huidhania kuwa maradhi, akaipoteza mali yake katika kupigana na mhandisi ambaye huenda amekwisha kufariki. Na anayeyadhania maradhi kuwa tabia huliendesha gari lililo gonjwa huku akilisifu. Katika makosa hayo mawili, la pili ndilo baya zaidi, nalo ndilo lililoenea miongoni mwa wapenzi wa magari ya kale, kwa kuwa kila ukorofi wa gari, hata ule wa bushi iliyooza, hupewa cheo na kuitwa haiba.

Mfano mashuhuri wa tabia ya kuzaliwa nayo ni Porsche 911, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, injini yake ikiwa imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito huo huyapa magurudumu ya nyuma mshiko wa kupendeza wakati wa kuondoka. Lakini katika kona ya kasi, dereva akiingiwa na hofu na kuachia mafuta ghafla, uzito huhamia mbele, matairi ya nyuma hupungukiwa na mshiko, na ule mzigo ulioko nyuma, ukiisha kuanza kuzunguka, hauzuiliki kwa wepesi. Kiwanda chenyewe hakikuikana tabia hiyo. Baadhi ya magari ya miaka ya awali yalitiwa vipande vya chuma vya kilo 11 katika kila pembe ya bampa la mbele ili kuipa pua uzito. Kisha, kwa matoleo ya mwaka 1969, magurudumu ya nyuma yakasogezwa nyuma, umbali kati ya ekseli mbili ukatoka milimita 2,211 ukafika 2,268. Na Carrera RS ya mwaka 1973 ikapewa bawa dogo lililojikunja juu ya kifuniko cha injini, ili kupunguza nguvu ya upepo inayoinua nyuma. Basi mtu mwenye 911 ya mwaka 1967 anayelalamika kwamba mkia humkimbia akiachia mafuta kwenye kona hana budi aulizwe kwanza, kwa adabu, kama unakimbia kuliko ule wa 911 nyingine za mwaka ule. Akiwa hajapata kuendesha nyingine, na apewe nyingine aiendeshe, maana hakuna kipimo kilicho rahisi kuliko hicho.

Kesi ya Chevrolet Corvair ina mafunzo ya namna nyingine, ijapokuwa gari lile halikuwa la spoti kwa maana halisi. Ndilo ambalo Ralph Nader alilishitaki mbele ya umma wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1965, akitaja matoleo ya mwaka 1960 hadi 1963, ambayo ekseli zake za nyuma zilipinda kwenye difu tu, hata katika kona kali gurudumu la nje liliweza kujikunja chini ya gari. Wahandisi wa General Motors walikuwa wameitambua hatari hiyo na wakaitafutia dawa katika upepo wa matairi: ratili 15 mbele na ratili 26 nyuma kwa inchi ya mraba, tairi likiwa baridi. Mwaka 1964 gari likaongezewa fimbo ya kuzuia kulala na springi ya kusaidia nyuma, na mwaka 1965 mpango wote wa nyuma ukabadilishwa. Kisha, mwaka 1972, uchunguzi wa serikali ya Marekani ukahitimisha kwamba Corvair zile za kwanza hazikuwa mbaya kuliko magari mengine ya zama zake. Wanaotetea na wanaoshitaki wangali wakibishana, nami sina haja ya kuingia kati yao. Ninalolishika ni kwamba katika gari lile tofauti ya ratili 11 ilikuwa sehemu ya uhandisi wenyewe, na kijana wa kituo cha mafuta aliyeyajaza matairi yote manne sawasawa, akidhani anamfanyia mteja hisani, alikuwa amelivunja gari bila kushika spana.

Kwa uchunguzi wenyewe, hata hivyo, napendelea kutumia gari la Kijapani, Datsun 240Z, lililotoka mwaka 1969, kwa sababu umbo lake ni la wastani lisilo na ujanja: injini ya silinda 6 iko mbele, nguvu huenda magurudumu ya nyuma, kila pembe ina springi na shokomzoba katika mhimili mmoja wa wima, usukani ni wa raki, breki ni za diski mbele na za ngoma nyuma, na uzito wa gari zima unazidi tani moja kwa kidogo tu. Gari la namna hiyo likiyumba, aghalabu ni gonjwa, kwa kuwa tabia yake ya asili ni njema ila kwa jambo moja nitakalolieleza mbele. Fauka ya hayo, ni gari ambalo Afrika ya Mashariki ina haki ya kulizungumza, maana ndilo lililoshinda Safari Rally ya mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, Lofty Drews akimsomea njia, katika barabara za vumbi, mawe na tope zisizolisamehe gari lisilonyooka.

Uchunguzi huanza kwa maswali, gari likiwa limezimwa. Kuyumba huja wakati gani: unapokanyaga mafuta, unapoyaachia, unapokanyaga breki, au wakati wote? Huja barabara ikiwa sawa, au gurudumu likipanda tuta na kushuka? Huzidi na mwendo, au huja katika mwendo mmoja tu na kuondoka? Huzidi upepo wa ubavuni ukivuma? Na swali ambalo mafundi wengi hulisahau, ingawa ndilo lenye faida kuliko yote: unakuhisi wapi, mikononi au kitini? Kwa kawaida hitilafu ya mbele hupanda kwa usukani na kuingia viganjani, ilhali hitilafu ya nyuma huingia kwa kiti, na dereva huhisi kama kwamba gari linageuka lenyewe kwa kiuno chake kabla mikono haijatenda lolote. Kanuni hii haikosi kudanganya mara mojamoja, lakini inayapunguza mashaka kwa nusu, na haigharimu hata senti. Mtetemo unaokuja kwenye kilomita 80 hadi 100 kwa saa na kutoweka baadaye, huo tuutoe kabisa katika mjadala huu: aghalabu ni balansi ya magurudumu au rimu iliyopinda, nayo huponywa kwa muda mfupi.

Baada ya maswali huja matairi, na hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo gari la zamani linapotofautiana zaidi na gari la kila siku. Gari la kila siku humaliza kashata za matairi yake kabla mpira haujazeeka. Gari la spoti la kale, ambalo hulala chini ya turubai na kutolewa Jumapili moja moja, huuzeesha mpira kabla kashata hazijaisha. Fundi akiinama na kuona kina kizuri cha kashata hupitisha tairi lile kwa furaha, asijue kwamba lililo mbele yake ni gumu kama ubao. Ukitaka yakini, tafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT, ufuate mstari wake mpaka mwisho: kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, hata 2308 ikawa ni wiki ya 23 ya mwaka 2008, na palipo na tarakimu tatu tu, tairi ni la karne iliyopita, na mazungumzo yake yamekwisha. Baadhi ya watengenezaji wakubwa huweka ukomo wa miaka 10 hata kama tairi halijaguswa. Kwa gari ambalo litapelekwa mwendo wa haki kwenye kona, mimi nisingelingoja kufika huko.

Tazama pia kama matairi ya mbele na ya nyuma ni ya ukoo mmoja. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalizaliwa na matairi ya nyuzi za kukatana, na wamiliki wakayabadili mawili mawili kwa kadiri ya mifuko yao. Gari lenye matairi ya radial mbele na ya nyuzi za kukatana nyuma hushika kwa pua na kuteleza kwa mkia, na hakuna alaimenti duniani itakayolituliza. Ama gari likivuta upande mmoja, yabadilishe matairi ya mbele, la kulia lende kushoto na la kushoto lende kulia, illa yakiwa ni ya aina yenye mshale wa mwelekeo. Likianza kuvuta upande wa pili, mkosaji ni tairi, na umeokoa ada ya alaimenti.

Sasa usukani. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinataka watu wawili na gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake lenyewe, wala si juu ya jeki, kwa maana viungo vikining'inia hubana kwa namna ambayo havibani vikiwa vimebeba mzigo. Mmoja huketi kitini, injini ikiwa imezimwa, na kuuchezesha usukani kushoto na kulia kwa kadiri ya vidole viwili, bila nguvu. Mwenzake hulala chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu, nusu ya kiganja upande huu wa kiungo na nusu upande ule. Kiungo kizima hupeleka mwendo wote. Kiungo kilichokufa hula sehemu yake, na kiganja huhisi upande mmoja ukitangulia na wa pili ukichelewa, jambo ambalo macho huenda yasilione. Katika 240Z anza kwenye mpira unaounganisha nguzo ya usukani na raki, kisha uje kwenye mipira miwili inayoishika raki yenyewe kwenye chesisi, ambayo mafuta ya injini yakiisha kuilowesha kwa miaka huvimba na kulegea, hata raki nzima ikahama kando kabla tairodi hazijasukumwa. Hapo dereva hupata usukani uliokufa katikati na kuamka pembeni, akadhani raki imelika meno. Kutoka hapo nenda kwenye tairodi, kisha kwenye boljointi.

Gurudumu likiisha kuinuliwa, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena: mchezo ukitoweka, ni beringi, kwa kuwa diski iliyobanwa imeufunga ubungo wa gurudumu; ukibaki, tafuta kwenye boljointi au kwenye mhimili wa juu. Mipira ya ile fimbo inayoizuia mikono ya mbele isirudi nyuma nayo haisahauliki, maana ikilika, gurudumu husogea kila breki ikanyagwapo, na si lazima magurudumu mawili yasogee kwa kiasi kimoja. Ndipo gari hugeuka upande kwa breki, na breki zenyewe hazina hatia. Ijapokuwa pia yapo magari ambayo breki ndizo zenye hatia: mpira wa kupitishia mafuta ya breki ukioza kwa ndani huyaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, gurudumu moja likabaki limebanwa nusu, na dereva akiachia breki gari huvuta upande ule ule wa gurudumu lililobanwa. Shika rimu kwa kiganja baada ya mwendo mfupi. Iliyo ya moto kuliko mwenzake itajisema.

Sehemu ya nyuma ndiyo inayopuuzwa, kwa dhana kwamba magurudumu yasiyogeuzwa na usukani hayawezi kuligeuza gari, ilhali hayo ndiyo yanayoligeuza kwa ukali zaidi, kwa sababu gurudumu la nyuma likibadili mwelekeo kwa nusu nyuzi tu, gari zima hubadili mwelekeo wake kabla dereva hajajua. Katika 240Z mkono wa chini wa nyuma hubebwa na bushi mbili kwa ndani, na kwa nje hupitiwa na pini ndefu inayoushika mguu wa shokomzoba. Bushi za ndani zikilegea, mafuta yakikanyagwa gurudumu husukumwa mbele, yakiachiwa hurudi nyuma, na kila safari ya kwenda na kurudi huligeuza kidogo. Likiwa la kushoto limelegea kuliko la kulia, gari huelekea upande mmoja kwa mafuta na upande wa pili bila mafuta. Dereva huyahisi hayo kitini, na huyaeleza, maskini, kama kwamba usukani unamfanyia inda. Fundi akisikia usukani hutazama mbele, akabadili kila kitu cha mbele, na baada ya kulipwa huambiwa kwamba gari liko vile vile.

Mbona basi bushi hizo hazibadilishwi? Kwa sababu ya ile pini ndefu. Katika gari lililolala miaka 30 hushikana na kutu ndani ya nyumba yake hata nyundo ikashindwa, moto ukashindwa, na mwisho pini ikakatwa vipande viwili ili mkono uweze kutoka. Mafundi wanaolijua jambo hili huomba siku zao na bei yao mapema; wasiolijua huanza asubuhi na kuacha magharibi, wakafunga walichokifungua na kusema bushi ni nzima. Nimeona bushi nyingi zilizotiwa uzima kwa ulimi namna hiyo. Mkitazama nyuma, tazameni pia mpira wa mbele wa difu: ukiisha kukatika, pua ya difu huinuka na kushuka kwa kila badiliko la mafuta, na mgongano wake husikika sakafuni, ukawatisha watu zaidi ya unavyostahili, kwa maana huo hutia kelele zaidi kuliko kuyumbisha.

Juu ya bushi za plastiki ngumu zinazouzwa badala ya mpira, nina maoni yangu, nayo si ya kuwafurahisha wauzaji. Katika kiungo kinachozunguka juu ya mhimili mmoja hufaa, zikipakwa grisi. Katika kiungo ambacho mpira wa asili ulitakiwa ujipinde pande zote, kama ule wa fimbo ya mbele niliyoitaja, ugumu hauondoi msukosuko bali huuhamishia kwenye chuma, fimbo ikalazimishwa kupinda kila gurudumu lipandapo, mpaka ichoke. Mwenye gari hushukuru kwa usukani mkali wa miezi ya mwanzo, asijue analipia kwa nini.

Shokomzoba nitazipita kwa upesi. Kuubonyeza mkia na kuhesabu mara ngapi unaruka hufichua iliyokwisha kufa tu, wala haifichui iliyo nusu mfu; dalili za kuaminika ni mafuta yaliyovuja juu ya mwili wake na gari linaloendelea kupanda na kushuka baada ya bonde refu la barabara kuu.

La kimo ndilo lenye hila. Mwenye gari hulishusha kwa kukata springi, kwa sababu gari la spoti lililo chini hupendeza macho. Au hulipandisha, akiwa ameona picha za magari ya Safari yaliyoinuliwa ili yapite juu ya mawe. Katika hali zote mbili ameibadili pembe ya mkono wa chini pasipo kuibadili ya tairodi, na hivi viwili vilikuwa vimepangwa na kiwanda vizunguke kwa tao zinazolingana. Zikiacha kulingana, kila gurudumu lipandapo tuta hujigeuza lenyewe ndani au nje, bila ya usukani kuguswa, na gari huruka kando kwenye kila kiraka cha lami. Ithibati yake ni nyepesi: toa springi ya upande mmoja, uliinue na kulishusha gurudumu kwa jeki hatua kwa hatua huku umeegemeza ubao mrefu ubavuni mwake, upime umbali wa ncha mbili za ubao kutoka uzi uliofungwa sambamba na gari. Ncha ya mbele ikisogea isivyosogea ya nyuma, umeyaona maradhi kwa macho yako. Kwa 240Z iliyoshushwa, tiba inayojulikana ni kipande cha chuma kinachotiwa kati ya mguu wa mhimili na mkono wa usukani, ili kuirejesha mikono katika mlalo wake. Tiba iliyo aula zaidi ni kurudisha springi za kimo cha kiwanda.

Nimeahidi kuieleza tabia moja isiyo njema ya gari hili, nayo ni kwamba katika mwendo mkubwa upepo huiinua pua yake. Usukani ulio thabiti kwenye kilomita 100 kwa saa huanza kuwa mwepesi mwendo ukiongezeka sana, na upepo wa ubavuni hulisukuma gari kando hata kama kila kiungo chake ni kipya. Hayo waliyajua walioshindana nalo: timu ya Peter Brock, ambayo dereva wake John Morton alitwaa ubingwa wa daraja la C wa chama cha SCCA cha Marekani mwaka 1970 na 1971, ililitia kizuizi cha upepo chini ya bampa la mbele, na huko Japani kiwanda kikalitoa toleo la 240ZG mwaka 1971 likiwa na pua ndefu iliyofunikwa. Kumbe hapa tabia na maradhi huweza kushikana mikono: springi za nyuma zikilegea kwa uzee, mkia hushuka na pua hupanda, upepo ukapata mlango mpana zaidi, na mwenye gari akaambiwa na marafiki zake kwamba hivyo ndivyo zilivyo 240Z zote. Sivyo zilivyo. Pima kimo cha gari mbele na nyuma, kulia na kushoto, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kabla hujaulaumu upepo wala hujanunua bawa.

Yakiisha hayo yote ndipo nyuzi hutandazwa. Nguzo nne, nyuzi mbili sambamba, mmoja kila upande wa gari, na rula ya chuma: vyombo hivi hutosha kumwambia mtu kama magurudumu ya nyuma yanaelekea yanakoelekea ya mbele, au gari linakwenda kiubavu kwa sababu ekseli moja inatazama kando. Na hapa 240Z ina fadhila kubwa kwa mchunguzi, maana kiwanda hakikuweka marekebisho yoyote nyuma, na mbele kiliweka moja tu, la magurudumu kutazamana. Kwa hiyo kipimo cha nyuma kikiwa kibaya, haliwezi kuwa jambo la kulegeza nati na kukaza. Ama kitu kimelika, ama kimepinda, ama chesisi yenyewe imeoza au imegongwa. Hapo hupimwa mishazari ya chini ya gari, kutoka tundu hadi tundu, na mabomba ya chesisi chini ya sakafu hugongwa kwa bisibisi, hasa chini ya kikalio cha betri, ambako tindikali na maji ya mvua vimefanya kazi yao kwa miaka. Gari ambalo bisibisi imezama katika chesisi yake halina haja ya bushi mpya bali ya mchomeleaji mwenye hadhari.

Katika kazi hii yote sharti liwe kwamba jambo moja hubadilishwa, gari huendeshwa barabara ile ile kwa mwendo ule ule, na matokeo huandikwa, kabla jambo la pili halijaguswa. Wenye gari hulichukia sharti hili, nami siwalaumu, maana bushi, shokomzoba na tairodi zikifika katika sanduku moja, mkono huwasha kuzifunga zote siku moja. Lakini anayefunga zote siku moja, na gari likabaki korofi, amebaki na gari jipya asilolijua badala ya lile la zamani alilolijua nusu.

Yapo mwishowe mashaka juu ya vipimo vyenyewe. Kitabu cha kiwanda kiliandikwa kwa tairi jembamba la 175 juu ya rimu ya inchi 14, nacho kilikubali gurudumu la mbele lilale nje kidogo kwa juu, jambo lililofaa matairi na barabara za zama zile. Tairi pana la leo, lenye ubavu mfupi na mshiko mkubwa, halikuwamo katika hesabu hiyo, na juu ya rimu iliyotokeza nje kuliko ya asili huifuata kila njia ya magurudumu iliyochimbika katika lami. Kwa matairi ya namna hiyo gurudumu lililosimama wima, au lililolala ndani kwa sehemu ya nyuzi moja, huwa tulivu zaidi. Lakini mlalo huo haupatikani mbele pasipo kubadili vifaa, na anayevibadili aandike alichokibadili, ili mmiliki wa baada yake asihesabu kazi hiyo kuwa maradhi. Na vipimo vichukuliwe tangi likiwa nusu, na mzigo wenye uzito wa dereva ukiwa umewekwa kitini, kwa sababu gari jepesi kiasi hiki hushuka upande wa dereva kwa kadiri ya kutosha kuuharibu mlalo uliohangaikiwa asubuhi nzima.